Habari Mbaya Hungoja Sufuria Ishuke

Jikoni kwa Theopista hapakuwa na kelele. Mgeni aliyeingia mara ya kwanza alidhani watu wamenuniana. Kuni zililia, maji yalitokota, visu viligonga mbao, lakini sauti ya mtu huisikii. Theopista akitaka kuni aliangalia tu chini ya mafiga, na Crispin akazileta. Akitaka chumvi alifungua kiganja. Na sufuria kubwa ikiwa tayari aligonga ukingo wake kwa mwiko mara mbili, na wawili waliokuwa karibu wakaacha walichoshika, wakapenyeza miti kwenye masikio ya sufuria, wakainua kwa pumzi moja.

Sufuria yenyewe ilibeba madebe manne. Si sufuria ya kuinua huku unawaza mengine.

Jiko hilo lilikuwa la hospitali ndogo ya masista, kwenye miteremko juu ya Marangu, nyuma ya wodi ya wazazi. Theopista aliingia humo mwaka wa Uhuru, akitokea kwao Kilema, mjane wa miaka thelathini na mmoja. Mumewe alikuwa amekwenda kukata miwa kule chini tambarare, akarudishwa na homa, hakumaliza wiki. Theopista alikuwa amesoma mpaka darasa la nne, na kazi aliyopewa ilikuwa kumenya ndizi.

Mpishi mkuu siku hizo aliitwa Mzee Primus. Alikuwa amepikia askari wakati wa vita vya Wazungu, na sauti yake ingeweza kumwita ng'ombe aliye ng'ambo ya korongo. Aliwaita wapishi wake majina ya wanyama. Uji ukishika chini, mwiko uliruka. Theopista alimwogopa kama wenzake, lakini alikuwa na macho, na macho yake yaliona jambo moja: watu wa Primus walifanya lile tu alilokuwa analitazama. Akigeukia maharage, moto wa ugali unafifia. Akigeukia ugali, mtu anaketi. Mzee akashinda anazunguka na kupiga kelele kutwa nzima, na chakula kikaenda wodini kimechelewa na kina moshi.

Halafu likatokea la Veronika, mwaka wa sitini na nane. Veronika alikuwa msichana wa miaka kumi na tisa, mwenye mikono myepesi kuliko wote. Asubuhi hiyo ameshika mti upande mmoja, Theopista upande wa pili, sufuria ya uji iko hewani. Kaka yake akatokea mlangoni anahema, ametoka mbio nyumbani. Akasema, "Veronika, baba amekufa."

Mti ukamponyoka. Uji wa moto ukamwagikia mkono wake wa kulia, tangu kiwiko mpaka kwenye kucha. Masista walihangaika naye miezi minne. Mkono ulipona, lakini vidole vitatu vilishikana vikawa kimoja, na baba yake alizikwa yeye yuko kitandani.

Mzee Primus alipostaafu, Sista Mkuu alimkabidhi Theopista mwiko. Siku ya kwanza aliwaketisha wenzake nje, kwenye magogo ya kumenyea ndizi, akawaambia, "Mimi sina sauti ya Mzee Primus, na hata ningekuwa nayo nisingeitumia. Tutaongea hapa, wakati wa kumenya. Tukiingia ndani kwenye moto, tunaangaliana. Na jambo moja nawaomba, kwa ajili ya mkono wa Veronika. Habari mbaya haiingii jikoni sufuria ikiwa motoni. Ikija, inakuja kwangu. Sufuria ikishuka, wagonjwa wakila, na mwenyewe akishaweka kitu tumboni, ndipo nitamwita pembeni nimwambie."

Veronika alikuwa wa kwanza kuitikia. Alikuwa amerudi kazini na mkono wake ule, anachagua maharage.

Ndivyo jiko lilivyokwenda miaka kumi na minne. Theopista aliwapenda watu wake kwa vitendo. Kila Ijumaa mpishi mmoja alivua aproni, akabeba bakuli mwenyewe mpaka wodini, akaketi kando ya mgonjwa amwangalie akila. Crispin, mwanamume pekee jikoni, mwenye mabega ya kupasulia magogo, mara ya kwanza alikataa akisema hiyo ni kazi ya wanawake. Akapelekwa kwa mzee wa kijiji cha Mamba aliyekuwa hajameza kitu siku tatu. Mzee akanywa uji bakuli zima akamshika mkono. Tangu siku hiyo Crispin akawa anauliza, "Yule babu wangu leo anakula nini?"

Na palikuwa na ukoko. Ugali ukishapakuliwa, Theopista alikwangua ukoko chini ya sufuria ukatoka mzima kama kipande cha ngozi, akauweka juu ya mfuniko karibu na mlango. Hakusema neno. Alimwangalia yule ambaye siku hiyo alifanya kazi kwa moyo zaidi, na huyo akajua ni wake. Wakati wa shibe lilikuwa jambo la kuchekesha. Lakini ilipofika miaka ile ya themanini, sabuni haipo, sukari haipo, chumvi ya kutafuta, watu wanapanga foleni tangu alfajiri kwa unga wa njano ule tulioita yanga, ukoko ukawa kitu cha kubeba nyumbani kwenye kitambaa safi. Mtu aliumwa mgongo ili aupate.

Aliyeupata mara nyingi ni Eliona. Huyu alitoka Rombo, upande wa Mkuu. Mume alikuwa amemwacha, na mtoto wake mmoja, Ester, wa miaka sita, aliishi huko na bibi yake, mama mzazi wa Eliona. Eliona hakuula ukoko wake. Aliuanika juani ukakauka, akaufunga kitambaani, akampa Sirili, dereva wa lori lililopanda na kushuka kati ya Mkuu na Marangu likibeba mahindi na kahawa. Lori likirudi, Sirili alisimama nyuma ya hospitali, akapiga honi mara moja, akasema, "Mtu wako ameuliza ule mwingine lini."

Basi ikafika Kwaresima ya mwaka wa themanini na nne. Siku ya Jumatano. Mvua ilikuwa imenyesha usiku, migomba inadondosha maji, na hospitalini kulikuwa na jambo la furaha: baada ya wiki tatu, paroko alikuwa ameleta mguu wa ng'ombe. Kwenye wodi ya wazazi walikuwamo wanawake kumi na wanane waliojifungua, na hakuna aliyekuwa ameonja mtori, ile supu nzito ya ndizi na nyama. Huku kwetu mzazi asiyekunywa mtori ni kama hajapongezwa na mtu.

Walimenya ndizi nje, mikono imekuwa myeusi kwa utomvu.

"Eliona, leo kilemba kipya," Crispin alisema. "Nani anakuoa?"

"Wewe pasua kuni. Mdomo wako ungekuwa shoka tungepika mpaka Pasaka."

"Anataka ukoko huyu," Veronika alisema. "Anajipamba ili mama amwone."

"Naam, naujia," Eliona alijibu. "Wiki mbili mmenipora. Leo Sirili anapita, na Ester hawezi kuambiwa mama yako ameshindwa na Crispin."

Wakacheka wote, Theopista naye. Halafu Crispin akaondoka na mkokoteni kwenda kutafuta kuni, maana zilizokuwapo zisingefika jioni. Ndani wakabaki wanawake watatu: Theopista, Eliona, na Veronika wa mkono mmoja mzima. Sufuria mbili zikapanda motoni, ya mtori na ya maji ya ugali, na maneno yakaisha.

Ilikuwa kama saa nne na nusu Theopista aliposikia mtu anakohoa nyuma, upande wa dirisha la kuni. Akatoka. Alikuwa Sirili, ameshika kofia mkononi.

"Tumsifu Yesu Kristo, mama."

"Milele amina. Eliona yuko kwenye sufuria, ngoja nimwite."

"Ngoja kwanza." Sirili akaangalia chini. "Leo alfajiri mama yake amenisimamisha barabarani. Amesema, mwambie Eliona aje, mtoto anaumwa. Surua. Nageuza sasa hivi, saa tano naondoka. Nikimpata, saa nane yuko nyumbani."

Theopista alimtazama. "Anaumwa, Sirili?"

"Ndivyo nilivyoambiwa."

"Ulimwona?"

"Sikuingia ndani, mama." Akaizungusha kofia. "Na wewe unajua mambo yetu."

Alijua. Nani hajui? Huku mtu hatumiwi habari ya kifo. Anatumiwa habari ya ugonjwa, ili miguu imfikishe. Theopista mwenyewe aliitwa kutoka sokoni akiambiwa njoo, homa ya mumeo imezidi, akafika akakuta majirani wameketi uani na moto umewashwa. Kaka wa Veronika ndiye aliyesema wazi, na matokeo yake yalikuwa yamekaa pale ndani yanachagua maharage. Basi mtu akisimamisha lori alfajiri kwa ajili ya mtoto mwenye surua, na dereva akaja ameshika kofia mkononi, Theopista alielewa yale ambayo yeyote kati yetu angeyaelewa. Ester hayupo tena.

Akawaza haraka. Mtori unahitaji kupondwa sasa, na Eliona ndiye mwenye mkono wa kuponda. Sufuria zinahitaji watu wawili, na Crispin hayupo. Wanawake kumi na wanane wanangoja. Na huyu binti, akiambiwa sasa, ataanguka hapa hapa motoni, au atapanda lori akiwa na njaa, akae juu ya magunia kwa muda wa saa tatu akijua anakokwenda. Marehemu hangoji kitu. Bora ale kwanza.

Angeweza kumwita mhudumu wa wodini aje kuinua. Jambo hilo lilimjia baadaye, likamjia kila siku. Asubuhi ile halikumjia.

"Nenda, Sirili," alisema. "Nitamwambia mwenyewe. Atapata njia."

"Mafuta hayapo, mama. Sijui kama kuna gari lingine leo."

"Nitamwambia."

Akaingia ndani. Eliona alikuwa ameinama juu ya mtori, mwiko mrefu mikononi, jasho linamtiririka shingoni. Hakuinua uso. Theopista akashika mwiko wake, akakoroga ugali, na midomo yake ikawa inatembea kimya. Salamu Maria, umejaa neema.

Saa tano honi ililia barabarani, mara moja. Eliona akainua kichwa. Sheria ilikuwa kimya, lakini macho yake yaliuliza, na mdomo nao ukayafuata.

"Sirili leo hasimami?"

Na Theopista akajibu, "Ana haraka."

Maneno mawili tu. Katika miaka yote ile hakuwa amesema uongo ndani ya jiko lake.

Sufuria zilishuka saa sita na nusu. Theopista na Eliona waliziinua, moja baada ya nyingine, vizuri kabisa, tone halikumwagika. Mtori ulikwenda wodini, na muuguzi akaja kusema kwamba wazazi wanaomba nyongeza. Eliona alifurahi kama mtoto. Theopista akamkalisha kwenye gogo, akampa bakuli.

"Kula kwanza, mwanangu."

"Ngoja nioshe..."

"Kula."

Akala. Alikula bakuli zima, akafuta kwa kidole, akasema mtori kama huo hajaula tangu ubatizo wa Ester. Theopista akakwangua ukoko, akauweka juu ya mfuniko, akamwangalia. Eliona akacheka akamwambia Veronika, "Umeona?"

Ndipo Theopista akaketi karibu naye, akamshika mkono, akamwambia kwamba mtoto anaumwa, aende nyumbani.

Eliona hakuwa mjinga. Aliangalia lile bakuli, akamwangalia Theopista. "Nani amesema?"

"Sirili."

"Saa ngapi?"

Theopista aliangalia barabarani. Eliona alikuwa ameshasimama. Hakuchukua ukoko, hakuvua aproni. Alishuka mpaka njia kuu, na kweli gari halikuwapo. Akatembea. Akapita Mwika, na mbele ya Mwika, kilima baada ya kilima, korongo baada ya korongo, kwenye tope la masika. Giza lilimkuta njiani.

Siku ya tatu Theopista naye alikwenda Mkuu. Mazishi yalikuwa yamefanyika jana yake. Alipata lori la Sirili, na njia nzima Sirili hakumsemesha. Walipofika alizima injini, akasema tu, "Mama, tulikosea."

"Tulikosea nini?"

"Kaulize mwenyewe."

Nyumbani kwao Eliona watu walikuwa wameketi kwenye migomba. Eliona yuko ndani, juu ya mkeka, bado na kile kilemba kipya. Mama yake, mwanamke mkavu mwenye rozari shingoni, akampokea mgeni kwa adabu, akampa kigoda. Theopista akatoa pole. Akasema Mungu alitoa na Mungu ametwaa.

"Ndiyo," yule bibi alisema. "Alitwaliwa Jumatano jua linazama."

Theopista akadhani hakusikia vizuri. "Jumatano?"

"Jumatano jioni. Mchana alikuwa anaongea. Surua ilikuwa imemwingia kifuani, pumzi fupi, lakini anaongea. Saa nane tulisikia lori linasimama kule barabarani. Akasema, mama huyo. Nikamwambia, ngoja anakuja. Akageuza uso mlangoni akangoja."

Hakulia wala hakulaumu. Alisimulia kama mtu anayesimulia mvua. Theopista aliishika rozari yake mpaka msalaba ukamchoma kiganja.

"Mama yangu," alisema, "nilidhani ameshaondoka. Nilidhani mmetuma kama tunavyotuma."

"Safari hii nilituma ilivyo," bibi alijibu. "Ningetumaje tena?"

Eliona alizungumza kutoka mkekani, bila kugeuka.

"Uliniambia ana haraka."

"Nilisema hivyo."

"Ukanilisha."

"Nilikulisha, mwanangu."

"Nikashiba," Eliona alisema.

Theopista alirudi nyumbani. Akaenda kitubioni. Padri, kijana wa Kilema ambaye Theopista alikuwa amembeba akiwa mchanga, alimwambia kwamba hakukusudia baya, dhambi ni moja tu, ule uongo, asali rozari tano. Alisali hamsini. Hazikumshushia mzigo. Wiki iliyofuata alikata isale, lile jani la kuombea radhi, kwenye mpaka wa kihamba chake, shamba lake la migomba, akalifunga fundo, akapanda nalo tena Mkuu pamoja na kaka yake mkubwa na mbuzi. Mtu akiletewa isale hawezi kukataa. Wakubwa wamesema hivyo tangu zamani, na hata masista walishaacha kubishana nalo.

Eliona alilipokea kwa mikono miwili. "Jani nimelipokea, mama," alisema. "Ndiyo mila. Nimekusamehe."

Sauti yake ilikuwa ileile iliyosema nikashiba.

Baada ya Pasaka alirudi kazini. Alikuwa na mama wa kulisha, afanyeje? Alimenya, aliponda, aliinua. Theopista akigonga sufuria mara mbili alikuja, akashika upande wake. Salamu ya asubuhi ilikuwapo, shikamoo mama, marahaba. Lakini kwenye magogo ya nje mzaha uliisha. Crispin alijaribu mara moja kuhusu kilemba, Veronika akamkanyaga mguu. Na chakula cha jikoni Eliona hakukigusa tena. Alikuja na ndizi zake mbili za kuchoma, akala peke yake nyuma ya ghala. Theopista aliendelea kuweka ukoko juu ya mfuniko, na siku nyingi jicho lake lilimwangukia Eliona, maana kweli yeye ndiye aliyestahili. Eliona alipita kando ya mfuniko kama mtu anayepita kando ya kaburi asilolijua. Jioni ukoko ulipewa mbwa wa mlinzi.

Wiki ya kwanza ya Mei, Theopista aliwaketisha tena nje.

"Ile sheria niliyowapa, naifuta," alisema. Mwiko ulikuwa mapajani mwake. "Habari ikija, ya mtu yeyote, saa yoyote, mwenyewe anaambiwa hapo hapo, kama ilivyosemwa. Mimi sitapima tena."

"Na sufuria, mama?" Veronika aliuliza polepole. Alikuwa ameushika mkono wake ule mbaya kwa mkono mzuri.

Theopista aliutazama mkono. "Mwenye kuambiwa ataweka mti chini kwanza," alisema mwishowe. "Nitamwomba hilo tu."

Jambo lenyewe lilikuja Novemba. Siku hiyo Eliona alikuwa wodi ya mbali, ng'ambo ya uwanja, zamu yake ya Ijumaa, anamlisha mgonjwa. Jikoni Theopista na Crispin walikuwa wamesimama pande mbili za sufuria ya ugali, miti tayari, ugali umeiva wa kushuka. Jirani wa Crispin akaja dirishani.

"Crispin yuko? Mkewe ameanguka na mzigo wa majani kule korongoni. Amevunjika. Hali yake mbaya."

Aliyesikia ni Theopista. Crispin, kwa mlio wa moto, hakusikia, alikuwa bado anamngoja agonge sufuria. Angegonga, sufuria ingeshuka, na dakika tatu baadaye angesema. Dakika tatu si kitu. Aliona hivyo. Aliona pia mlango wa nyumba moja kule Mkuu.

"Crispin," alisema, na sauti yake katika ukimya ule iliwashtua wote. "Weka mti chini. Mkeo ameanguka korongoni, ameumia vibaya. Nenda sasa."

Crispin akaweka mti chini. Akaangalia sufuria, akamwangalia yeye.

"Lakini mama, ugali..."

"Nenda."

Akatoka mbio. Theopista alishika mti upande wake, Veronika akaja na mkono wake mmoja upande wa pili, wakajaribu. Sufuria iliinama, wakairudisha upesi, maana ingewaua. Wakachomoa kuni, lakini makaa yalikuwa mengi. Mwanamke mmoja aliyekuwa anapita akatumwa mbio kutafuta mhudumu, na wahudumu wote walikuwa kwenye chumba cha upasuaji na mgonjwa wa ajali. Mpaka watu wanapatikana, harufu ilikuwa imefika getini. Wagonjwa mia na zaidi walikula ugali mweusi siku ile, na wengine waliurudisha.

Sista Mkuu akaja mwenyewe, ameshika bakuli. "Theopista, hiki ni nini? Unga huu tumeutafuta wiki mbili."

"Umeungua, Sista."

"Crispin alikuwa wapi?"

"Nimempa ruhusa mimi. Sufuria ilikuwa motoni, nikamwambia aende."

"Hukuweza kungoja dakika mbili?"

"Hapana, Sista," Theopista alisema.

Sista akaliweka bakuli mezani akaondoka. Eliona alikuwa amesimama mlangoni, aproni mkononi, ametoka wodini. Hakuna aliyejua alikuwa amesimama hapo tangu lini. Aliingia, akavuta ile sufuria mpaka kwenye bomba, akaleta majivu na mchanga, akapiga magoti akaanza kusugua. Theopista akapiga magoti upande wa pili. Walisugua mpaka jua likapinda, bila neno, na weusi haukutoka wote.

Crispin alirudi baada ya siku tisa. Kichwa kimenyolewa. Aliketi kwenye gogo lake, akachukua kisu, akaanza kumenya kama wengine. Watu walimpa pole, akaitikia. Ndizi nne tano zikapita mikononi mwake.

"Nilimkuta, mama," alisema, akimwambia Theopista lakini akiangalia ndizi. "Alikaa mpaka asubuhi. Aliniuliza kama nimemfunga mbuzi. Nikamwambia nimemfunga. Hapo akalala."

Kisu cha Eliona kilisimama katikati ya ndizi, kikakaa hapo, kisha kikaendelea.

Mchana ule ugali ulishuka salama. Theopista alikwangua ukoko, akauweka juu ya mfuniko, akamwangalia Eliona kama kawaida yake. Eliona alikuwa anapita na ndoo. Akasimama. Akaweka ndoo chini, akafuta mikono kwenye kanga, akachukua ukoko. Tangu Jumatano ile ya Kwaresima mkono wake haukuwa umegusa kitu kilichotoka katika mkono wa Theopista, isipokuwa lile jani.

Hakuula. Aliukunja polepole usivunjike, akaufunga kwenye kitambaa alichokitoa kiunoni, kile alichokuwa akimfungia Ester, akaenda nacho kwa Crispin.

"Kawapelekee watoto," alisema.

Kisha akachukua ndizi zake mbili, akaenda kuzila nyuma ya ghala.